Mgonjwa Aliyekwisha Kutafsiriwa: Uhakiki wa Matini za Mafunzo Endelevu ya Mtandaoni kwa Watoa Huduma za Afya, Ukitazamwa kutoka Suji, Upare

Utangulizi

Makala haya yanahakiki matini ambazo kwa kawaida hazihesabiwi kuwa zinastahili uhakiki: moduli, webina na majaribio ya mtandaoni yanayotumiwa kuwaendeleza kitaaluma matabibu, wauguzi na wakunga walioko kazini. Wahakiki wa Kiswahili wamezoea riwaya, tamthiliya na ushairi. Wataalamu wa afya nao huzipima moduli hizi kwa usahihi wa dozi na upya wa miongozo. Ni nadra kwa upande wowote kuulizwa swali la kwanza la mhakiki: ni nani anayesema katika matini hii, anamwambia nani, na ni nani aliyenyamazishwa ili usemi huo uwezekane?

Swali hilo linaulizwa hapa kutoka Suji. Kata hii ya wilaya ya Same imekaa kwenye miteremko ya magharibi ya milima ya Upare Kusini, juu ya tambarare ya Makanya inapopita barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Si mahali pasipo na historia ya maandishi. Kazi ya Waadventista Wasabato iliyoanza Upare mwaka 1903 ilitia mizizi hapa mapema, na mmoja wa wamisionari wake, Ernst Kotz, alichapisha sarufi ya Chasu mwaka 1909. Lugha ya wenyeji, kwa hiyo, iliingia kitabuni zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jambo hili linafaa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba lugha za vijijini hazina mazoea ya kuandikwa na ndiyo maana elimu ya kitaalamu haiwezi kuzigusa.

Umuhimu wa suala lenyewe ni wa kisheria na wa kibinadamu kwa pamoja. Kwa upande wa sheria, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 na Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 zimeyapa mabaraza ya taaluma mamlaka juu ya usajili na leseni, na mabaraza hayo hutaka ushahidi wa mafunzo endelevu. Muuguzi aliyeko mlimani hujipatia ushahidi huo kwa simu janja na bando alilonunua mwenyewe. Kwa upande wa ubinadamu, mjamzito anayeumwa kichwa kwa namna ya hatari hukutana kwanza na muuguzi huyo. Hospitali ya wilaya iko Same, chini ya mlima. Hospitali ya rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Moshi, kiasi cha kilomita 100 mbele ya Same. Kati ya maumivu ya kichwa na gari la rufaa kuna mazungumzo ya dakika chache, nayo hayafanyiki kwa lugha ya moduli.

Msomaji anayedhaniwa na matini

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani mawazo ya Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani. Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka 1967, alidai kwamba historia ya kazi ya fasihi haikamiliki bila upeo wa matarajio wa wasomaji wake. Iser, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alionesha kwamba kila matini hubeba ndani yake msomaji anayedhaniwa: si mtu halisi, bali nafasi iliyochongwa na matini ili mtu aikalie. Aidha, Iser alisisitiza kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza kwa uzoefu wake.

Nadharia hii iliundwa kwa ajili ya riwaya, na kuihamishia kwenye moduli ya shinikizo la damu wakati wa ujauzito kunahitaji uangalifu. Msomaji wa riwaya akijaza pengo vibaya, hasara ni ya tafsiri. Msomaji wa moduli akijaza pengo vibaya, hasara ni ya mtu wa tatu ambaye hakuisoma matini wala hakujua kwamba ipo. Tofauti hiyo haiidhoofishi nadharia. Inaifanya kuwa na uzito ambao Iser hakuwa na sababu ya kuufikiria.

Basi ni nani anayedhaniwa na moduli hizi? Alama za matini zinamchora wazi. Anasoma Kiingereza cha kitabibu bila kusimama. Ana saa nzima isiyokatizwa, kwa kuwa webina nyingi huendeshwa kwa wakati mmoja kwa nchi nzima, na anayechelewa hukuta mazungumzo yamekwisha anza. Ana mwenzake wa kumshikia zamu. Ana mtandao unaotosha picha za video. Ana maabara, kwa sababu maswali humpa majibu ya vipimo kana kwamba yamekwisha letwa mezani. Na kila anapoelekezwa kumwita mtaalamu, mtaalamu yupo mwisho wa ukumbi.

Mtoa huduma wa Suji anaifahamu taaluma hiyo, lakini nafasi hiyo hawezi kuikalia bila kujikunja. Milima hukata mawimbi ya simu: mgongoni mwa mlima mtandao hupatikana, bondeni hupotea. Zahanati yenye watumishi wawili haiwezi kumtoa mmoja kwa saa moja asubuhi ya siku ya kliniki ya mama na mtoto. Zaidi ya yote, mtoa huduma huyu mara nyingi ni mgeni mahali hapo, kwa kuwa ajira ya serikali humpeleka mtu popote. Huja na Kiswahili chake cha Mbeya, Tabora au Mtwara, na kuwakuta wazee wanaoyaeleza maumivu yao kwa Chasu kwanza na kwa Kiswahili baadaye, ikibidi.

Ni lazima haki itendeke kwa upande wa pili. Kabla ya mtandao, mafunzo kazini yalimaanisha semina ya siku kadhaa katika mji wa wilaya au wa mkoa. Mtumishi aliondoka, huduma ikapungua au ikasimama, na waliochaguliwa kwenda hawakuwa daima wale waliokuwa na haja kubwa zaidi ya somo. Posho ya semina ilikuwa na siasa zake. Wapo wanaosema kwamba webina haipendwi kwa sababu haina posho. Kuna chembe ya ukweli katika kejeli hiyo, lakini ni chembe tu. Moduli ya mtandaoni imemfikia muuguzi ambaye semina haikumfikia kamwe, na imemfikia akiwa kituoni kwake. Nchini Kenya, mpango wa Amref ulioanza mwaka 2005 wa kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi ngazi ya stashahada kwa njia ya kielektroniki ulilenga wauguzi wapatao 22,000, idadi ambayo vyuo vya bweni visingeweza kuipokea kwa miaka mingi bila kuzifunga wodi. Uhakiki unaozibeza moduli kwa jumla haujui gharama za kukosekana kwake.

Kisa kinachoanza katikati

Kitovu cha moduli nyingi ni kisa cha mgonjwa, au kesi, kama wanavyoiita wenyewe. Kisa hiki ni utanzu wa masimulizi wenye kanuni zake. Kina mhusika asiye na jina kamili, umri wake, idadi ya mimba alizobeba, malalamiko yake, muda wa malalamiko, vipimo, kisha swali. Mfano wa kawaida unaweza kufupishwa hivi: mwanamke wa miaka 19, mimba ya kwanza ya wiki 34, ana maumivu makali ya kichwa, haoni vizuri na ana maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo; shinikizo la damu ni 170 kwa 115; mkojo una protini. Utafanya nini kwanza?

Jibu linalotakiwa ni salfeti ya magnesi, na ni jibu sahihi. Jaribio la kimataifa lililochapishwa mwaka 2002, lililowahusisha wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, lilionesha kwamba dawa hiyo hupunguza kwa nusu uwezekano wa kupata kifafa cha mimba. Hakuna ugomvi juu ya dozi. Ugomvi wa makala haya ni juu ya sentensi ya kwanza ya kisa.

Sentensi hiyo inamleta mgonjwa ambaye amekwisha kutafsiriwa. Mtu fulani, ambaye masimulizi hayamtaji, alikwisha kumsikiliza, akamuuliza upya, akayapanga maneno yake kwa mfuatano wa kitabibu na kuyageuza kuwa Kiingereza. Kazi yote hiyo, ambayo mtoa huduma wa Suji ndiye anayeifanya kila siku, imefanyika kabla ya pazia kufunguliwa. Moduli inafundisha tendo la pili na kudhani tendo la kwanza.

Tuitazame dalili moja tu, ile ya maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo. Kiingereza cha kitabibu kina neno moja kwa sehemu hiyo. Kiswahili kina chembe cha moyo, jina la pale mbavu zinapokutana juu ya tumbo. Mgonjwa hutamka kwa urahisi zaidi kwamba anaumwa moyo, au moyo unachoma, au tumbo la juu linabana. Anayesikia "moyo" akiwa na upeo wa matarajio uliojengwa na moduli anaweza kuandika ugonjwa wa moyo, au vidonda vya tumbo, au wasiwasi, na kumpa dawa ya kupunguza asidi. Mgonjwa amesema kweli, na msikilizaji ameelewa Kiswahili, lakini pengo kati ya moyo wa mwili na chembe cha moyo limejazwa vibaya. Hali ni hiyo hiyo kwa macho. Mwingine husema anaona ukungu, mwingine maruweruwe, mwingine nyota, mwingine kizunguzungu, neno ambalo humpeleka msikilizaji kwenye upungufu wa damu. Moduli inayotoa dozi kwa gramu lakini isitoe hata namna tatu ambazo mama wa Kitanzania huieleza dalili hiyo imefundisha nusu ya pili ya somo.

Neno kifafa cha mimba lenyewe ni somo. Ni istilahi iliyokubalika, inayoeleweka na nzuri kwa sauti. Lakini kifafa, katika jamii nyingi, ni ugonjwa wenye aibu, unaodhaniwa kurithiwa au kutumwa. Mkunga anapomwambia mume kwamba mkewe yumo katika hatari ya kifafa cha mimba, sikio la mume linaweza kusimama kwenye neno la kwanza na lisifike kwenye la pili. Familia inayosikia kifafa huenda ikaanza kuulizana habari za ukoo wa bibi arusi wakati ambapo inatakiwa kutafuta gari. Hapa ndipo mafunzo endelevu yangekuwa na la kusema: si kubadili istilahi, bali kumwandaa mtoa huduma kwa athari yake. Hakuna swali la kuchagua jibu linaloweza kupima hilo.

Mfano wa degedege ni mkubwa zaidi, na umeandikwa vizuri. Utafiti wa Winch na wenzake uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionesha kwamba wazazi walitofautisha homa ya malaria na degedege. Ya kwanza ilikuwa ugonjwa wa hospitali. Ya pili, yenye mtukutiko wa viungo, ilikuwa ugonjwa mwingine kabisa, uliohusishwa na nguvu zisizoonekana na uliotakiwa kutibiwa kwanza kwa njia za jadi. Kwa mganga wa hospitali, ni hatua mbili za ugonjwa mmoja, na ya pili ndiyo inayoua. Moduli juu ya malaria kali iliyoandikwa kwa Kiingereza husema mtukutiko na kuendelea, kana kwamba neno la mgonjwa na neno la daktari ni majina mawili ya kitu kimoja. Ni majina ya vitu viwili katika dunia mbili, na mtoto yumo katikati.

Matini zilizotangulia

Inaweza kudhaniwa kwamba makala haya yanadai kitu ambacho matini ya kufundishia haiwezi kukibeba. Historia ya eneo hili inakanusha dhana hiyo.

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kijitabu na kujadiliana chini ya viongozi wa vikundi waliofunzwa, wapatao 75,000. Walengwa hawakuwa wataalamu, na ujumbe ulikuwa wa kinga: vyoo, maji, mbu. Wala kampeni haikuwa bila kasoro. Ilisema kwa sauti ya kutoka juu, na choo kilichochimbwa kwa hamasa ya redio hakikuwa daima choo kilichotumika. Hata hivyo, kama umbo la matini, ilikuwa na jambo ambalo webina haina. Redio iliponyamaza, somo halikuwa limekwisha. Lilianza. Kikundi ndicho kilichotakiwa kuigeuza sauti ya Dar es Salaam kuwa maneno ya kijiji, na muda wa kufanya hivyo ulikuwa umepangwa ndani ya ratiba. Msomaji aliyedhaniwa na Mtu ni Afya alikuwa wengi waliokaa pamoja. Msomaji anayedhaniwa na moduli ni mtu mmoja na kioo cha simu.

Matini ya pili ni kitabu cha David Werner kijulikanacho kwa Kiswahili kama Mahali Pasipo na Daktari. Kilizaliwa milimani, katika safu ya Sierra Madre upande wa magharibi wa Mexico, na kilitoka kwanza kwa Kihispania mwaka 1973, mwaka ule ule wa Mtu ni Afya. Wasomaji wengi hukumbuka michoro yake. Mhakiki anavutiwa zaidi na mpangilio wake. Kabla ya kufika kwenye homa, majeraha na uzazi, Werner ameweka sura juu ya imani na tiba za nyumbani, na nyingine juu ya magonjwa yanayochanganywa, ambamo anayataja majina ya wenyeji wa Mexico na kueleza kwamba jina moja la kijijini laweza kubeba magonjwa kadhaa ya kitabibu, na kinyume chake. Anaanza pale mgonjwa anapoanzia. Hasemi kwamba jina la kijijini ni sahihi, wala halicheki. Analichukua kama mlango.

Sura kama hiyo kwa Upare ingekuwa na degedege, chango, ngiri, presha na sukari, na majina ya Chasu ambayo muuguzi mgeni huyasikia kwa miaka miwili kabla ya kuyaelewa. Si kazi ya daktari peke yake, wala si kazi ya mwanaisimu peke yake. Ni ajabu kwamba kitabu cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono wa mtu asiye daktari kiliona haja hiyo, na teknolojia yenye uwezo wa kubeba sauti ya mgonjwa mwenyewe haikuiona.

Haydom na suala la mkono

Hadi hapa hoja imekuwa ya lugha. Ipo hoja nyingine ambayo mhakiki wa matini hawezi kuipita, nayo inaihusu Haydom, hospitali ya Kilutheri iliyoko vijijini mkoani Manyara.

Mwaka 2010 wakunga wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kuwasaidia watoto wachanga wasiopumua, kwa kutumia mwanasesere na mpira wa kupulizia hewa, chini ya mpango ujulikanao kama Helping Babies Breathe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa ya kushangaza kwa mtu anayeamini mitihani: miezi kadhaa baadaye wakunga walifanya vizuri zaidi kwa mwanasesere, lakini utendaji wao kwa watoto halisi haukubadilika. Ndipo hospitali ikaleta zoezi la dakika chache, pale pale kwenye chumba cha kujifungulia, mara kwa mara. Kwa mujibu wa matokeo ya mwaka 2015, vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Matokeo haya yananukuliwa kwa kawaida kama ushindi wa mazoezi juu ya nadharia. Kwa mtazamo wa Upokezi yanasema jambo jingine pia. Somo la siku moja lilikuwa matini yenye mwisho. Zoezi la mara kwa mara lilikuwa matini inayorudiwa mahali pa tukio, mbele ya wenzako, hadi pengo kati ya kujua na kutenda likajazwa na mkono. Hata hapo Haydom, mafunzo yalikuwa ya ana kwa ana, na kifaa kilikuwepo. Moduli ya mtandaoni inayomalizika kwa maswali 10 na cheti kinachopakuliwa papo hapo iko mbali zaidi na chumba cha kujifungulia kuliko ile siku moja iliyoshindwa. Na majaribio haya, kama ilivyo kawaida yake, huruhusu kurudia hadi alama ifike. Mtu mwenye subira hupata cheti kwa kukumbuka herufi ya jibu.

Kusema hivi si kumlaumu anayekitafuta cheti. Leseni yake inakihitaji. Mfumo ukipima kilicho rahisi kupimika, mtumishi atatoa kilicho rahisi kutolewa.

Lipo umbo la mtandaoni linalokwepa kasoro hii kwa sehemu. Mwaka 2003 Dakta Sanjeev Arora wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, alianzisha mpango wa ECHO, akiwa na wagonjwa wengi wa homa ya ini aina ya C walioishi mbali na kliniki yake. Katika ECHO, kesi haitungwi na mwalimu. Huletwa na mtoa huduma wa kijijini kutoka kwa mgonjwa wake wa wiki hiyo, na mabingwa pamoja na wenzake hujadili. Umbo hili limeenea katika nchi nyingi za Afrika, hasa kwa huduma za VVU na kifua kikuu. Kwa istilahi za makala haya, ECHO inambadilisha msomaji kuwa msimulizi. Tendo la kwanza, la kusikiliza na kutafsiri, linarudi jukwaani, kwa sababu bingwa anaweza kuuliza: alisemaje hasa? Swali hilo dogo halipo katika moduli, wala haliwezi kuwepo, kwa kuwa mgonjwa wa moduli hakusema kitu.

Hoja ya Kiingereza

Itajibiwa kwamba Kiingereza hakiepukiki. Vyuo vya afya hufundisha kwa Kiingereza, lebo za dawa ni za Kiingereza, fomu za rufaa hujazwa kwa Kiingereza, na daktari wa KCMC anayepokea barua kutoka Same anataka kusoma istilahi anayoijua. Hoja hii ina nguvu, na wanaoipuuza kwa jina la uzalendo hawajawahi kuandika barua ya rufaa usiku. Istilahi za Kiswahili nazo hazijatulia. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, lakini istilahi nyingi zilizomo hazijawahi kutamkwa katika wodi. Kutafsiri moduli nzima kwa Kiswahili sanifu kwaweza kuzaa matini ambayo muuguzi huielewa kwa shida kuliko ile ya Kiingereza aliyosomea.

Kwa sababu hiyo makala haya hayapendekezi tafsiri. Tafsiri ya moduli ingemhamisha daktari kutoka lugha moja hadi nyingine na kumwacha mgonjwa pale pale alipo, nje. Kinachotakiwa ni matini yenye lugha mbili zenye kazi mbili: Kiingereza kwa dozi, kipimo na barua, Kiswahili kwa swali, jibu na maelezo kwa familia. Muuguzi wa Suji tayari anaishi hivyo. Matini ndiyo iliyo nyuma yake.

Kisa cha mwanamke wa miaka 19 kingeandikwa upya bila gharama kubwa. Kingeanza na binti aliyeletwa na mama mkwe wake, ambaye ndiye anayejibu maswali yote. Anasema mkamwana wake ni mvivu siku hizi, analala mchana, anasema moyo unachoma. Binti ametazama chini. Swali la kwanza la jaribio lisingekuwa juu ya dawa, bali juu ya namna ya kumtoa mama mkwe chumbani bila kumvunjia heshima, ili binti aulizwe mwenyewe kuhusu kichwa, macho na chembe cha moyo. Swali la pili lingekuwa: utauliza kwa maneno gani? Nafasi ya jibu ingekuwa tupu, ya kuandika au kurekodi sauti, si herufi nne za kuchagua. Kisha ndipo kipimo cha presha, mkojo, salfeti ya magnesi, na gari.

Hata kisa hicho kingebaki na pengo moja, nalo ni la Chasu. Mama mkwe anapotoka nje, anaweza kuwa ameondoka na mkalimani pekee aliyekuwepo. Muuguzi aliyetoka Mtwara hubaki na binti ambaye Kiswahili chake cha shule kinatosha kwa mengi, lakini hakitoshi kwa mambo ya mwili ambayo hakuwahi kuyataja kwa lugha yoyote isipokuwa ile aliyofundwa na shangazi zake. Moduli ya kitaifa haiwezi kuandikwa kwa kila lugha ya nchi, na si haki kuidai hivyo. Wilaya, hata hivyo, inaweza kukusanya maneno yake. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye mara nyingi ni mwenyeji, anayajua. Wakunga wastaafu wanayajua. Kurasa 20 za majina ya maumivu kwa Chasu na Kiswahili, zikikusanywa na kusomwa katika kikao cha kila mwezi cha kituo, zingestahili kuhesabiwa alama za mafunzo endelevu sawa na webina yoyote. Kwa sasa, kazi ya namna hiyo hufanywa na muuguzi mgeni peke yake, pembeni mwa daftari la wagonjwa wa nje, na anapohamishwa huondoka nayo.